Taa Mpya za Gari Kuukuu

Cherehani ilitoka mchana kweupe, imebebwa na vijana wawili waliokuwa wakibishana mambo yao ya mpira, na Mama Vifungo akaisindikiza hadi mlangoni kama mgeni aliyekaa vizuri. Hakulia. Jirani alichungulia dirishani akauliza inapelekwa kutengenezwa wapi, naye akamjibu kwamba inakwenda kuwa taa. Jirani alidhani anataniwa, akafunga dirisha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama Vifungo alikuwa ameuza cherehani yake ya kudarizi, iliyomlisha tangu usichana, ili gari la mumewe lipate taa mpya za mbele. Ukipenda boga penda na ua lake, na boga la Mama Vifungo lilikuja na gari.

Na gari lenyewe, tusemeje. Lilikuwa limekula chumvi nyingi kuliko ndoa yao, gari refu la kizamani, nyuma limeongezwa mabenchi mawili yanayotazamana. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake ya ukingo mgumu, alilitumia kupeleka watoto shule. Shule ilikuwa upande wa pili wa mji, na ili wafike kabla ya kengele ilibidi awakusanye alfajiri, giza likiwa bado halijapata habari za kuondoka. Wazazi walilipa mwisho wa mwezi, wengine kwa vipande, wengine kwa maneno matamu, na nyumba ikaenda hivyo hivyo.

Kwa muda mrefu wimbo wa Kapteni ulikuwa mmoja tu, taa. Taa zimefifia, taa hazifiki mbali, kuendesha na taa hizi ni sawa na kushika kibatari dirishani. Walianza na ushauri wa bure, wakavisugua vioo vya taa kwa dawa ya meno, tyubu ya nyumba nzima, hata familia ikapiga mswaki kwa chumvi. Vioo vikang'aa. Kapteni akasema afadhali, na baada ya siku chache akasema bado. Wakabadilisha balbu, bado. Wakabadilisha betri, bado. Mdogo wake Mama Vifungo, fundi umeme wa magari ambaye watu walimwita Waya, alikuja kukagua mara kwa mara. Mwishowe akatikisa kichwa na kusema gari la zamani ni la zamani, dawa yake ni taa mpya kabisa na nyaya nene zake.

Mama Vifungo ndiye aliyetoa wazo la cherehani. Kapteni alikataa, akakataa tena. Mara ya tatu alinyamaza, na kimya cha Kapteni mkewe alikijua, ilikuwa ni ndiyo yenye aibu.

Waya alishinda siku nzima akizifunga taa hizo huku anapiga mluzi. Jua lilipozama akaziwasha zikielekea ukuta wa uani, na ukuta ukawa mweupe hadi nyufa zake zote zikaanikwa. Jogoo wa jirani akawika. Watu wakaangua kicheko, na Chiriku, binti yao wa pekee mwenye mdomo usiojua likizo, akawa anaruka mbele ya ukuta akicheza na kivuli chake. Mama Vifungo alimtazama mumewe aione furaha aliyoinunua. Kapteni naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu aliyengoja kwanza kujua wenzake wanacheka nini. Mkewe alidhani anaifikiria cherehani, akamwonea huruma.

Mshonaji asiye na cherehani ni mtu wa kuomba kiti. Mama Vifungo alikipata mjini, katika duka la mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukata kola, enzi ambazo hata kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho. Sasa mwanamke huyo aliitwa Madamu. Alimpokea kwa bashasha, akamweka kiti karibu na mlango panapopita vumbi, akampa vifungo na pindo, kazi za mwanafunzi, na mbele ya wateja akamwita "yule mama". Siku iliyofuata alimrudishia sketi moja akisema mshono wake ni wa kizamani. Mama Vifungo alifumua akashona upya. Aliyekalia kiti cha watu hukaa anavyoambiwa.

Duka lilikuwa njia moja na shule, kwa hiyo kila alfajiri alipanda gari la mumewe, kiti cha mbele. Hakuwahi kusafiri na watoto hao kabla ya hapo, na ndipo alipoujua mchezo wao. Waliuita ita-ita. Gari likishaingia barabarani, watoto walinyoosha shingo kutazama mbele, na kila aliyeona kitu alikiita kwa sauti. Baiskeli kushoto. Shimo. Mbuzi wanavuka. Aliyeita wa kwanza alipata pipi kutoka kwenye kopo la Kapteni, na bingwa wao alikuwa Chiriku, aliyekaa siku zote nyuma ya kiti cha baba yake. Mama Vifungo alicheka mpaka machozi. Alijisikia fahari kuolewa na mtu anayejua kuwafurahisha watoto wa watu saa ambayo wazazi wao wenyewe huwapigia kelele.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa kwa mama mmoja mfua nguo wa hospitali, waliyemwita Dobi. Dobi alikuwa na mapacha. Kila asubuhi aliwapandisha garini, akawafunga vizuri vifungo vya makoti, akawaambia, "Iteni vizuri, eh?" kisha akakimbilia zamu yake. Mama Vifungo aliona hata huyu mama ameupenda mchezo.

Kitu kimoja tu kilimtatiza. Magari yaliyotoka mbele yaliwapigia honi na kuwawashia taa kwa hasira, na Kapteni alisonya akisema madereva wa siku hizi hawana adabu. Asubuhi moja askari wa barabarani, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwasimamisha.

"Mzee, taa hizi zinapofusha watu," alisema.

"Afande, mbona bado ni hafifu?" alijibu Kapteni kwa heshima zote.

Askari alidhani anafanyiwa mzaha. Alimwamuru ashuke, akamsimamisha mbele ya gari lake mwenyewe, na kumwuliza kama anachokiona hapo ni hafifu. Kapteni alivua kofia, akaomba radhi kwa niaba ya taa na kwa niaba ya fundi, watoto wote wakimtazama. Mama Vifungo alitaka kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Mumewe alikuwa amesimama ndani ya mwanga mkali kama wa mchana, na alikuwa akizungumza na bega la askari.

Waliachiwa kwa onyo. Gari liliondoka kimya, watoto bado wana hofu ya askari, hakuna aliyekumbuka mchezo. Mbele yao, katikati ya njia, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa magunia. Taa zilimmulika hata kamba za magunia zikaonekana, hata kiraka cha shati lake. Mama Vifungo alimwona mapema, akangoja mumewe apunguze mwendo. Hakupunguza. Akajisemea anajua anachofanya, miaka yote hii ameshika usukani. Kiraka kile kikazidi kukaribia.

"Mkokoteni, baba. Katikati," alisema Chiriku kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, isiyo na mchezo ndani yake.

Kapteni alikanyaga breki na kukata kona, watoto wakaangukiana. Mwenye mkokoteni alitukana, nao wakampita. Kapteni alishusha pumzi, akamwambia bintiye, "Asante, mama." Hakutoa pipi, na Chiriku hakudai. Mama Vifungo alikaa amekishika kiti kwa mikono miwili. Akili yake ilikuwa ikirudi nyuma, kwenye kile kicheko kilichochelewa, kwenye betri, kwenye balbu, kwenye ile dawa ya meno.

Hakwenda kwa Madamu siku hiyo. Alikaa garini mpaka watoto wakashushwa shuleni, kisha akashuka karibu na gereji na kumkuta Waya ameinama juu ya injini ya mtu. Waya alipomwona alitabasamu, halafu akamtazama usoni na tabasamu likaondoka lenyewe.

"Taa za zamani zilikuwa na ubovu gani?" dada yake aliuliza.

Waya alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alieleza habari za nyaya kuchoka na vioo kufifia, maneno mengi, yote yakipita pembeni. Dada yake alimwacha amalize, kisha akauliza vilevile. Waya akasema hayo amwulize shemeji.

"Nakuuliza wewe niliyenyonya nawe ziwa moja."

"Hazikuwa na ubovu," alisema Waya mwisho. "Zilikuwa nzima tangu mwanzo."

Na alipoanza hakuweza kuacha. Siku moja aliziwasha zielekee ukutani azipime, akasimama na kipande cha chaki kuweka alama. Kapteni, aliyekuwa kando yake, akamwuliza ataziwasha saa ngapi. Walitazamana, au tuseme Waya alimtazama. Ndipo Kapteni alipomshika mkono na kumwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali imeshasema ni upasuaji, na upasuaji wenyewe si wa kutisha. Akamwapisha asimwambie mtu, hasa dada yake.

"Nikaona labda taa kali zitamsaidia," Waya alisema. "Yeye ndiye aliyesisitiza, dada. Na mambo ya nyumba ya mtu, mimi niyaingilie vipi?"

"Uliona cherehani inatoka."

"Niliona."

"Na ujira wa kufunga ulichukua."

"Dada, na mimi nina watoto," alisema Waya, na angalau aliona haya kulisema. Mama Vifungo alimtazama huyu mdogo wake aliyembeba mgongoni utotoni, aliyemgawia shuka, akageuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, akafika alasiri, watoto wameshatoka shule.

Kapteni alikuwa uani anafuta vioo vya gari. Mkewe alimwambia ametoka kwa Waya, na hilo likatosha. Aliweka kitambaa chini, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akakiri yote bila kuvutwa ulimi. Alieleza jinsi ukungu ulivyoanza kidogo kidogo, jinsi taa za magari ya mbele zinavyopasuka machoni mwake zikafunika njia nzima, jinsi alivyougundua ule mchezo siku Chiriku alipomwokoa na ng'ombe. Mchana anaona kiasi, alisema. Alfajiri ndiyo shida.

"Gari likichoka, watu wanakwambia litengeneze," alisema. "Dereva akichoka, wanatafuta dereva. Nikilazwa, nikirudi nitakuta watoto wako kwenye gari jingine. Nilitaka nifike tu mpaka shule zifungwe."

"Kwa hiyo ukaona bora niuze cherehani."

"Sikukuomba uiuze."

"Hukuniomba. Uliniacha."

Kapteni alikiokota kitambaa chake. Ndani ya hasira ya mkewe kulikuwa na kitu kinachouma zaidi ya hasira yenyewe. Alikuwa amefumua sketi za watu, ameitwa yule mama, akajifariji kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mwanga wa mumewe. Kumbe alikuwa akiulipia uongo nauli.

"Ungeniambia," alisema polepole, "ningeuza cherehani hiyo hiyo. Pesa ile ile ingekwenda hospitali. Saa hizi ungekuwa umekaa hapo unaniona."

"Nakuona," alisema Kapteni. "Sura ndiyo siioni vizuri."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na sare zake. Mama yake alimwuliza amejua tangu lini, na mtoto ambaye hawezi kuona paka akapita bila kuutangazia mtaa alitazama chini. Akasema baba alimwambia mama akijua ataumia. Mama Vifungo akamwambia sawa, sasa ameumia, kuna nini kingine wanamfichia humu ndani. Chiriku akalia. Hakuna aliyembembeleza.

Usiku Kapteni aliomba tena, kwa upole, apewe tu mpaka shule zifungwe. Aliuliza watakula nini, swali la haki kabisa. Mkewe hakutia neno. Kapteni alikichukua kimya hicho kuwa ni ndiyo, akalala. Miaka yote aliyokaa naye, kimya cha mkewe hakuwahi kukisoma.

Alfajiri Mama Vifungo aliwatangulia wote. Gari likiwa bado linapashwa moto uani, yeye alikuwa ameshafika kwa Dobi. Alimkuta langoni na mapacha wake, makoti yamefungwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na alipoyatoa yalitoka yamepangika vibaya. Mume wangu haoni, alisema. Usiwapandishe watoto.

Dobi alitazama pembeni, akaukaza mkoba wake begani.

"Tunajua, mama," alisema. "Mapacha waliniambia zamani. Ndiyo maana kila siku nawaambia waite vizuri."

"Na bado unawapandisha?"

"Kapteni ananingoja mpaka mshahara utoke. Nani mwingine ataningoja?" Kisha akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Tulijua na wewe unajua. Si wewe uliyeuza cherehani? Tukasema yule mwanamke ana moyo, amemnunulia mumewe taa ili asogeze siku."

Mama Vifungo alishika nguzo ya lango. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana, kila mmoja na sababu yake nzuri, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akicheka mchezo. Aibu ya Madamu ilikuwa kitu kidogo mbele ya hii.

Gari likaja, taa zake zikiisafisha njia nzima, likasimama mbele kidogo ya lango. Nyuma walikaa watoto wa majirani waliopandia nyumbani. Chiriku alikuwa amekaa kiti cha mbele, kiti cha mama yake, shingo amenyoosha. Dobi alikwishafungua mlango wa nyuma. Mama Vifungo alimwambia bintiye ashuke.

"Siwezi, mama," alisema Chiriku. "Nikishuka mimi, nani atamwambia baba?"

Mtoto wa shule, na amebebeshwa mzigo wa watu wazima wote wa mtaa. Kama kulikuwa na chembe ya kusita moyoni mwa mama yake, ilikwisha hapo. Alizunguka hadi mlango wa dereva, akaufungua.

"Mke wangu," alisema Kapteni chini chini, mikono juu ya usukani, "usinivue nguo mbele ya watu."

"Watu wamekuona uchi siku nyingi. Aliyekuwa hajui ni mimi."

Akawaita watoto washuke, mmoja mmoja, na wale ambao gari halijawachukua watawapitia njiani. Watakwenda kwa miguu. Dobi alipandisha sauti kwa mara ya kwanza: shule ni mbali, watachelewa, wataadhibiwa, na yeye kazini watamkata siku. Alimwuliza kama kesho atawabeba mgongoni. Mama Vifungo alisema ya kesho hayajui. Hakusema kwa ujeuri, kweli hakuyajua, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyotaka ionekane. Aliwashika mapacha mikono. Chiriku alikuwa wa mwisho kushuka, tena kwa kuvutwa.

Walianza kutembea ukingoni mwa barabara. Nyuma yao injini ilikuwa bado inanguruma na taa bado zinawaka, na mwanga wake uliwaangukia migongoni, ukazionyesha soksi zilizotoboka na kila jiwe la njia. Hawakuwa wamefika mbali. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kuwataja mmoja mmoja.

"Mama Vifungo!" Kapteni aliita kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea sokoni. "Mko wapi?"

Chiriku aligeuka kwa mazoea, mdomo wazi, na mama yake akamwachia pacha mmoja, akamgeuza kichwa taratibu, kisha akamshika tena pacha. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mama Vifungo na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa na watoto.

"Tuko mbele yako," alimjibu, akaendelea kutembea.